Nimemwona Athumani Ndani ya Kompyuta

Winnipeg, Kanada

Kwako Dada Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si uko mbioni kwenda sokoni, kwa sababu ni ndefu na ningependa uisome peke yako kabla Mama hajakuita umsomee. Miguu yake inaendeleaje? Bado inavimba ikifika jioni? Na zile sare za shule ulizokuwa unashona, ulizimaliza kabla ya shule kufunguliwa, ama wazazi walikaa hapo mlangoni wakikulaumu kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Baridi imerudi na nimeanza tena kuvaa suruali mbili. Masomo yanaenda, na ile kazi ya kuangalia chumba cha kompyuta cha chuo bado ninayo.

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo nitaanza na lile kubwa. Athumani yuko hai. Nimeongea naye. Usimwambie Mama bado. Soma mpaka mwisho, maana kuna mengine yamenishinda na nataka tuyaamue sisi wawili.

Unajua kila barua yenu huisha na swali moja la Mama: nimekutana na kaka yangu? Kwake majuu yote, Amerika na Kanada, ni mahali pamoja, kama Thika na Ruiru. Ukitoka asubuhi unamfikia mwenzako kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nacheka nikisoma. Lakini tangu barua za Athumani kutoka Amerika zikome, na tangu Baba atuache huku hakuna anayejua pa kumpelekea kaka habari, nilikuwa nimeshamweka Athumani pamoja na Baba katika dua zangu. Sikuwahi kukuambia hivyo. Niliona ukinisikia utaniambia nimekata tamaa mapema.

Sasa nikueleze vile nilivyompata. Kwa intaneti kuna vyumba ambavyo watu wanakaa wakiongea kwa kuandika. Wewe uko Kanada, mwingine yuko Uingereza, mwingine Texas, na kila mnachoandika kinaonekana kwa wote papo hapo. Sisi Wakenya tuna chumba chetu, tunakiita Kijiwe. Mwenyewe ni kijana anaitwa Odhiambo, anasoma huko Texas. Hatujawahi kuonana uso kwa uso lakini namjua kuliko watu ninaoishi nao nyumba moja.

Odhiambo alitengeneza kitu kinaitwa bot, na jina lake ni Soja. Soja si mtu. Ni programu tu, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python, na kazi yake ni kama ya soja wa geti: anakaa Kijiweni siku zote, anasalimia wanaoingia, anajibu maswali madogo madogo. Odhiambo alipoona naipenda hiyo kazi aliniachia mimi niwe namwongezea Soja ujuzi. Hivyo vipande vya kuongezea vinaitwa plugin. Fikiria cherehani yako. Ukitaka kushona zipu hununui cherehani nyingine, unafungua ule mguu na kuweka mwingine. Plugin ndiyo huo mguu. Niliandika ya kumwambia mtu ni saa ngapi nyumbani. Nikaandika nyingine ya Ramadhani, inayomwambia kila mtu saa ya kufuturu kwa mji aliko, na hiyo ilinipatia sifa hadi kwa watu wasiofunga.

Siku moja watu walikuwa wanakumbushana nyumbani. Huyu analilia mukimo wa mamake, yule mananasi ya Thika. Kulikuwa na mtu aliyejiita Mpita, mtu wa kukaa kimya. Mara akaandika: "Haya jameni, Bibi amelia, wacha nitoke."

Zuhura, nilisoma mara mbili. Ni nani mwingine duniani anaita king'ora cha kiwanda "Bibi" kama si sisi watoto wa Mzee Hamisi? Unamkumbuka Baba, chai bado iko mdomoni, king'ora cha kiwanda cha nguo cha Thika kinalia mpaka Kiganjo kwetu, naye anatafuta kofia akisema Bibi amelia, wacha niende kabla hajakasirika. Sijasikia neno hilo nje ya nyumba yetu. Niliandika haraka: "Kaka?" Akatoka.

Akawa haji tena kwa jina hilo. Hapo ndipo nilipoandika plugin ya kwanza ya kumtafuta. Mtu anaweza kubadilisha jina Kijiweni kila siku, lakini mtambo anaotumia una anwani yake, na anwani hiyo inaonekana, kama vile gari linavyopakwa rangi nyingine na namba ikabaki ile ile. Nilimwambia Soja, yeyote akiingia kwa anwani ile, nijulishe. Kwanza ilinipa aibu. Wa kwanza kunaswa alikuwa Mtanzania, mwanafunzi, nikamwita kaka na kumwuliza kwa nini ametutupa, naye akadhani nimetumwa na ukoo wa mchumba wake. Odhiambo ndiye aliyefuatilia akaniambia sababu ya kuchanganyikiwa: ile anwani ni ya maktaba ya watu wote, katika mji mmoja wa Amerika, kusini ya hapa nilipo. Yeyote anaingia kutoka nje, anakaa, anatumia.

Hilo neno maktaba lilinikaa kifuani. Kaka alituandikia kwamba ana ofisi na meza yake. Mtu wa ofisi anatafuta nini kila siku kwenye kompyuta za maktaba?

Nikaandika plugin ya pili, ya kubeba ujumbe. Yeyote atakayeingia kutoka maktaba ile, Soja amnong'oneze pembeni, wengine wasione: "Kama wewe ni Athumani wa Kiganjo, mdogo wako Salim anakutafuta. Mama anakuuliza." Aliingia, ujumbe ukamfikia, akatoka papo hapo. Baada ya hapo ikawa kimya kirefu. Nikajua nimemtisha kama mtu anayerusha jiwe kwa ndege anayetaka kumshika. Nikaiondoa hiyo plugin.

Aliporudi hakuongea na watu. Alikuwa anaingia wakati Kijiwe kiko kitupu, wengine wakiwa kazini na darasani, na anaongea na Soja peke yake, kule pembeni. Mimi nilikuwa nimemfundisha Soja kwamba akiulizwa asichokijua aseme, "Sijui hilo, ndugu," halafu hilo swali lije kwenye kioo cha kompyuta yangu ili nijue cha kumwongezea. Kwa hivyo nikiwa pale chumba cha kompyuta nikingojea wanafunzi waniitie karatasi ya kuchapa, maneno ya kaka yetu yalikuwa yanaingia mbele yangu moja moja.

La kwanza lilikuwa, "Soja, ni saa ngapi Thika?" Soja alijua Nairobi tu, akajibu hajui. Nikaongeza Thika, nikaongeza na Ruiru, ingawa saa ni ile ile. Siku iliyofuata akauliza tena, akajibiwa, akaandika, "Asante. Sasa Mama anatoa nguo kwa kamba." Na kweli ilikuwa saa hiyo.

Kisha akaanza kusema bila kuuliza. Kwamba alikuwa anasafisha wodi za hospitali, vibali vyake vikaisha, wakamwondoa. Kwamba analala kwa nyumba ya watu wasio na makao, na asubuhi wote hutolewa nje, ndiyo maana yuko maktaba, kuna joto. Kwamba vidole vya mguu mmoja havisikii kitu. Kila alichoandika, Soja alijibu, "Sijui hilo, ndugu." Na mara moja kaka akamjibu, "Hata mimi sijui, ndugu."

Utaniuliza kwa nini sikusema ni mimi. Niliogopa atatoka kama mara zile. Pale alikuwa anaongea na mashine kwa sababu mashine haina Kiganjo, haina Mama. Nilijiambia acha aongee, angalau najua kila siku kwamba ameamka. Na nilikuwa naona vibaya kusoma maneno ya mtu ambayo hakuniambia mimi. Yote mawili nilikuwa nayo kwa wakati mmoja.

Halafu siku moja akaandika, "Soja, mzee wangu wa Kiganjo ako aje siku hizi?"

Soja akamwambia hajui hilo.

Dada, hakuwa anajua. Muda huu wote tulidhani labda alisikia akashindwa kuja, na wewe ulikasirika ukasema hata simu ya pole hakupiga. Hakuwa anajua. Kuna njia ya mimi kuandika na maneno yakatoka kwa jina la Soja. Niliitumia. Nikaandika, "Kaka, hapa ni Salim. Tafadhali usitoke."

 Mwanafunzi mmoja alikuja kuniambia mashine yake imekwama, sikumgeukia.

"Ni wewe umekuwa ukinijibu?"

"Hapana, ni mashine. Mimi nilikuwa nasoma tu."

"Salim yule mdogo?"

"Ndio."

"Mzee ako aje?"

Nilianza kuandika kwamba aliugua, nikafuta. Nikaandika kwamba alimtaja sana, nikafuta hiyo pia. Mwishowe nikaandika yale tunayosema sote mtu akiondoka, Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, na sikuongeza neno.

Hapo ndipo nilipoichukia hii mashine. Mtu akinyamaza mbele yako unaona mabega yake, unaona mkono umeenda wapi. Huku ukinyamaziwa hujui kama mtu analia, ama ameinuka, ama mtambo wake umezimika. Nilikuwa naangalia kile kijistari kinachowaka na kuzima. Kisha akaandika.

"Lini?"

"Mwaka juzi, baada ya Idi. Kabla mimi sijasafiri."

"Nani alishuka kaburini?"

"Mimi na Mjomba Rajabu."

"Mjomba alikuwa upande gani?"

"Wa kichwa."

"Hapo ni pangu."

Nikaandika ndio kaka, lakini alikuwa ameshaondoka. Huko maktaba kila mtu hupewa muda wake na mwingine anangoja kiti. Labda ni muda uliisha. Sijui.

Nilifanya yale niliyoweza na yote yaligonga ukuta. Odhiambo alipiga simu kwa maktaba ile. Wakamwambia kwa upole kwamba hawawezi kusema nani anaingia na nani anatoka. Nilienda kuomba viza ya kuvuka upande wa Amerika. Basi ni la siku moja tu kutoka hapa, nilishauliza stendi. Yule wa dirishani aliniuliza namwendea nani. Nikasema kaka yangu. Akauliza anaishi anwani gani. Ningemwambia nini? Nikaandika anwani ya maktaba. Alinirudishia pasipoti bila hasira, akaita mwingine.

Sasa la mwisho, na hili ndilo limefanya nikuandikie, maana nilitaka kukuletea habari ikiwa imekamilika na sasa naona haitakamilika.

Wiki iliyopita Kijiwe kilikuwa kimejaa, ilikuwa Jumamosi mchana. Soja akamsalimia mtu anayeingia: "Karibu Kijiwe, Athumani. Naona ni mara yako ya kwanza." Alikuja na jina lake. Akaandika mbele ya wote: "Assalaam aleikum na hamjambo. Mimi ni Athumani wa Thika. Nimefiwa na babangu na sikujua. Naomba mniombee."

Zuhura, laiti ungeona. Watu waliokuwa wanabishana mambo ya mpira waliacha. Wakaanza kuja mmoja mmoja, pole Athumani, pole ndugu, pole sana bro, Mungu amrehemu mzee. Mama mmoja wa Nyeri anayefanya kazi ya uuguzi Uingereza aliandika sala ndefu ya Kikristo na kaka akamjibu amina. Mwingine akauliza mzee alikuwa mtu wa aina gani, kaka akaandika alikuwa mtu wa kucheka na viatu vyake vilikuwa safi siku zote. Nilijua kitu hicho maisha yangu yote na sikuwahi kukisema. Ilikuwa ni matanga, Dada. Hakuna mkeka wala chai, lakini yalikuwa matanga, na kaka yetu alikuwa amekaa katikati.

Mimi nilimwandikia pembeni kwamba nipo. Hakunijibu. Alikuwa anawajibu wale, kila pole kwa asante yake. Asante. Asante. Asante.

Na hapo nikaona kinachokuja. Wako watu wakorofi ambao huingia Kijiwe na kurudia neno moja bila kupumzika mpaka wengine hawawezi kuongea, na Odhiambo alikuwa ameniomba kipande cha kuwafukuza. Nilikiandika mimi mwenyewe. Mtu akirudia neno lile lile mfululizo, Soja anamtoa, na anafunga mlango asirudi. Soja hajui neno lenyewe lina maana gani. Anajua limerudiwa. Nilianza kutafuta amri ya kumzuia, vidole vikakosea herufi, nikaanza tena, na kabla sijamaliza ikatokea mbele ya wote: "Athumani ametolewa. Ndugu, hapa hatupigi kelele."

 Kisha yule mama wa Nyeri akaandika, "Nani amefanya hivyo?"

Nilisema ni mimi.  Nilifungua mlango wakati ule ule, nikaondoa jina lake kwenye waliofungiwa, na nilikaa pale mpaka maktaba ya kule ilipofungwa. Hakurudi. Yeye hajui kwamba mlango ulifunguliwa. Anachojua ni kwamba alikuwa analia msiba wa babake mbele ya watu akafukuzwa kama mlevi, na aliyemfukuza ni yule Soja ambaye yeye alikuwa akimwambia kila kitu.

Tangu siku hiyo hajaingia kwa jina lolote. Ile plugin nimeifuta kabisa. Wakorofi wamerudi, wanajaza Kijiwe uchafu wanavyotaka, na watu wananivumilia. Odhiambo alisema tu, "Iache hivyo." Kila nikifika kazini naangalia kama kuna mtu wa maktaba ile. Juzi kulikuwa na mmoja, nikaruka kitini. Ni yule Mtanzania. Nilimweleza yote, akasema atazungukia meza za pale akiuliza, na nimempa sura ya kaka kama ninavyoikumbuka, lakini ni sura ya zamani, ya uwanja wa ndege. Sijui baridi na njaa vimeifanya nini. Huko nako theluji imeshaanza kuanguka.

Ndiyo hali ilivyo. Nimekaa na hii siku kadhaa na sijapata njia. Nafikiri Mama aambiwe kwamba yuko hai na kwamba sasa anajua habari ya Baba. Ya ile nyumba anayolala na ya vidole vya mguu, mimi ningesema tumfiche, lakini wewe ndiye unayekaa naye na unamjua akifichwa kitu anavyokuwa. Amua wewe, nami nitasema vile utakavyosema. Na ile hasira uliyokuwa nayo kwake, nakuomba uiweke chini.

Nisalimie Mjomba Rajabu huko Ruiru na mkewe. Shangazi wa Theta mwambie mbegu za mboga alizonifungia kwenye leso nilizipanda kwa kopo dirishani, zikaota, zikafa. Mwalimu wetu wa madrasa mwombe amtaje Athumani kwa jina baada ya swala ya Ijumaa. Watoto wako wabusu wote, na yule wa mwisho mwambie mjomba wake hajasahau kwamba alimwahidi picha ya theluji.

Mama atakuuliza mambo mengi. Atauliza anakula nini, anavaa nini, ana ndevu ama hana. Mjibu utakavyoweza. Lakini namjua, mwisho atakuuliza sauti yake ilikuwaje, kama bado ni ile nzito ya Baba. Hapo usimdanganye, Dada. Mwambie sikuisikia.

Mdogo wako,
Salim